Maziwa Yaliyopoa Njiani

Meza ya Léontine Murekatete iko kando ya barabara ya Mweso, chini ya bati moja na muuza sabuni. Juu ya meza kuna redio zilizofunguliwa vifua, chuma cha kulehemu, na kopo la maziwa ya unga alilolinunua sokoni likiwa tayari tupu. Ndani ya kopo hilo mna vidude vyeusi vyenye miguu minane, vidogo kama punje za maharage. Wateja wanaoleta simu zao huchungulia na kuuliza kama ni dawa.

"Ni wadudu," Léontine huwajibu. "Kila mumoja na tabia yake. Usipojua tabia yake, atakula nyumba yako."

Watu hucheka. Siku hizi yeye hacheki nao.

Tabia za wadudu hao alijifunza Goma, katika shule ya ufundi, kwa mwalimu mfupi aliyeitwa Papa Mbonigaba. Lakini kabla ya Papa Mbonigaba kulikuwa na ng'ombe. Baba yake Léontine, Ndayambaje, alikufa binti huyu akiwa na miaka kumi na mitatu, wakati huo wakikaa Kirolirwe. Jirani yao, Mama Mukantabana, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mume, Karangwa, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa zawadi ambaye Karangwa alimpa siku alipomchukua kwao. Jina lake Sine. Mukantabana alisema maziwa ya asubuhi ya Sine ni ya shule ya mtoto huyu, na kuanzia siku hiyo hakuyagusa. Miaka sita mfululizo, mvua na jua, maziwa ya Sine yalishuka Goma ndani ya gari la fromage, yaani jibini, na kugeuka madaftari, kalamu, na nauli.

Wafugaji wa milima ile huapa kwa mtu aliyewapa ng'ombe. Wengine huapa kwa chifu wa zamani, wengine kwa baba. Mukantabana aliapa kwa mume wake, hata baada ya kumzika: "Yampaye inka Karangwa!" Karangwa aliyenipa ng'ombe. Akishasema hivyo, hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Vita vilimhamisha mara tatu. Mara ya mwisho vilimtupa kwenye kilima nyuma ya Burungu, akiwa na ng'ombe wawili waliobaki: Bihogo, mwekundu mzito, na Gaju, mwenye rangi ya asali, mjukuu wa Sine. Majani yalikuwa ya wenye shamba kubwa. Wenye shamba walikubali ng'ombe wake wale humo kwa sharti moja: kila ng'ombe anayekula awe anapeleka maziwa kwenye kituo chao cha Kirolirwe, ambako fromage hutengenezwa. Kwa hiyo kila siku, kabla jua halijatoka, Mukantabana alikamua, akafunga bidoni lake la bati kwa jani la ndizi na kifuniko, akalibeba mgongoni, akatembea saa mbili katika ukungu.

* * *

Kituo hicho cha maziwa kilikuwa na karani, Albert, mtu wa kofia ya sufu na sauti kubwa. Mwezi wa tano alifika Mweso kwa pikipiki, akiwa amefungia kitu katika sweta.

"Dada Léontine, hii masini imekufa. Ukiichovya mu maziwa inaandika kumi na ine. Ukiichovya mu siki inaandika kumi na ine."

"Imeanguka?"

"Radi njo ilipiga kituo."

"Radi ikapiga masini, wewe ikakuacha?"

"Ilijua muntu anahitajika," Albert alisema, na muuza sabuni akacheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa kipima uchachu, kile wanachokiita peashi. Kina kijiti cha kioo chenye uvimbe kama kitunguu kidogo mwishoni, chembamba kama ganda la yai la ndege. Unakichovya katika maziwa, na kioo chenyewe kinazaa umeme kidogo sana kufuatana na uchachu. Maziwa mazuri husomeka sita na nukta saba, hivi. Yakishuka chini ya sita na nusu, yameanza kuchacha, na kituo hakiyapokei, kwa sababu bidoni moja chachu huharibu sufuria zima la fromage.

Léontine alifungua skrubu nne. Mdudu wa mlangoni, yule ambaye kioo kinamkabidhi umeme wake, alikuwa ametoboka kama jino. Herufi tatu za kwanza tu zilisomeka: LMC.

Alijua mara moja ni mdudu wa aina gani. Aliisikia sauti ya Papa Mbonigaba, akaliona na koti lake la mvua ambalo hakulivua hata darasani.

"Kuna vyanzo vya umeme," mwalimu alikuwa akisema, "vilivyo kama ng'ombe mzee. Anasimama, ana afya yake, lakini ukimkamua kijiko kimoja anaanguka. Huyo hapimwi kwa kukamuliwa. Anapimwa kwa kutazamwa. Ndiyo maana tunaweka ampli-op, mdudu huyu wa miguu minane, katikati, tunaifunga iwe mfuasi. Mfuasi kazi yake ni nini? Anachokiona mbele anakirudia nyuma, volti kwa volti, hapunguzi, haongezi. Na haombi chakula. Lakini, watoto, hakuna mfuasi asiyekunywa kabisa. Mnapomchagua msiulize kwanza bei. Msiulize mbio zake. Ulizeni: mlangoni anakunywa kiasi gani?"

Katika kopo la Léontine walikuwemo wa aina mbili. Wa kwanza ni 741, mzee wa redio zote. Kwa kioo kama kile, 741 ni kundi zima la ng'ombe kwenye kijito cha upana wa shimo la panya. Alimjaribu hata hivyo, ili Albert aone kwa macho, na namba ikakimbia hadi mwisho ikagota hapo. Wa pili ni TL081. Huyo anakunywa mara maelfu kidogo kuliko 741. Anadonoa kama shomoro. Lakini LMC aliyeungua alikuwa hata hadonoi. Ukilinganisha naye, shomoro ni mlevi.

Alimpigia simu Déo, anayeuza vipande Goma.

"Ninataka LMC6041. Ao ndugu yake yeyote, mradi mlango wake ukae mukavu."

"Dada, hiyo ni ya kuagiza Kampala. Wiki ine kama barabara iko wazi. Na barabara unaijua."

"Tafuta mu takataka zako."

"Takataka zangu ni mulima. Nitatafuta nikipata siku."

Léontine alimwambia Albert asubiri. Albert alitingisha kofia yake.

"Ile yako nyingine haiwezi ingia?"

"Inaweza. Lakini si yake."

"Iweke. Wanunuzi wa Goma wanataka namba kila siku mu kitabu. Bila namba hawachukue fromage. Unataka tumwage maziwa ya kijiji nzima juu ya mududu?"

Akaweka shomoro. Ilikuwa saa sita mchana, jua liko juu ya bati. Alichukua vichupa viwili vya maji ya kupimia ambavyo Albert alikuja navyo, kimoja kinachojulikana kuwa saba, kimoja nne, vimekaa mezani tangu asubuhi, vuguvugu kama chai ya mtoto. Akachovya. Saba. Akasuuza. Nne. Albert akapiga makofi.

Hapo ndipo lilipobaki jaribio la pili. Papa Mbonigaba alilirudia kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi walimwiga nyuma ya mgongo wake: kioo kikipoa kinakaza. Umeme unapita kwa shida mara tatu, mara nne zaidi, na kila tone ambalo mfuasi anakunywa linaonekana kwenye namba. "Basi mpimeni mfuasi katika baridi! Ukimpima penye joto, umemchagua mtu siku ya arusi yake." Ndoo ya maji ya mto ilikuwa hatua kumi kutoka mezani, kwa muuza sabuni. Ingetosha kutia vichupa humo, na kungoja. Léontine aliitazama ndoo. Albert alikuwa tayari amepanda pikipiki, injini inawaka, mkono umenyooshwa na karatasi ya matengenezo.

"Andika hapa: imetengenezwa, inapima vizuri."

"Nitaandika: kwa muda, mupaka kipande chake kifike."

"Ukiandika kwa muda, watu wa Goma watasema na fromage yetu iko ya kwa muda. Andika vile nilisema, dada. Si umeona saba? Si umeona ine?"

Alikuwa ameona saba, na alikuwa ameona nne. Akaandika, akatia sahihi.

* * *

Wiki tatu zilipita. Alhamisi moja Mukantabana alifika mezani, viatu vya mpira vimejaa tope, chupa ya maziwa imefungwa katika kitenge chake. Alikuwa amepata kiti katika gari la viazi. Alimkumbatia Léontine kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akakaa kwenye benchi na kumpa chupa.

"Kunywa kwanza. Ni ya Gaju, ya leo asubuhi."

Léontine alikunywa. Yalikuwa matamu, na harufu ya moshi kidogo wa chombo kilichofukizwa.

"Iko chachu?"

"Hapana, Mama. Iko tamu."

"Na mimi ninasema tamu. Lakini ulimi wangu umezeeka." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Wamenikatalia mara mbili, mutoto wangu. Kule Kirolirwe. Albert anachovya ile masini, anasema sita virgule tatu, anasema, Mama, maziwa yako imeanza kuchacha. Mimi! Mbele ya watu. Josiane, bibi wa prezida wa kamati, alikuwa nyuma yangu na bidoni yake, akasogea kando kama vile nina upele."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Na karatasi iko ku mulango. Mara mbili, utafute ng'ombe yako mugonjwa umutoe. Mara tatu, jina lako linafutwa, na ng'ombe wako wote wanatoka mu majani." Aliinua vidole vitatu akavitazama. "Nimefukiza chombo upya. Nimebadilisha bidoni. Nimemukamua Gaju kila chuchu peke yake nikaangalia ku kiganja. Sioni damu, sioni usaha. Yampaye inka Karangwa, Léontine, ng'ombe iko muzima. Lakini yeye njo aliyezaa juzi, basi kama kuna mugonjwa, ni yeye. Nimekuja kutafuta dawa ya kiwele hapa kwa veterineri."

Léontine alikuwa ameshika chuma cha kulehemu, moshi wa risasi unapanda machoni pake. Alisema, polepole:

"Labda masini njo ina shida."

Mukantabana alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Masini ulitengeneza wewe! Albert anaonyesha sahihi yako kwa kila muntu anayebishana. Na mimi nikiiona ninanyamaza. Ninajiambia: huyu hawezi niandikia uongo. Maziwa ya Sine njo ilimufundisha."

Palikuwa na nafasi hapo, ndogo, ya kupitisha sentensi moja. Léontine angeweza kusema: Mama, niliweka mdudu asiye wake, na sikumpima katika baridi. Muuza sabuni alikuwa akisikiliza. Wateja wawili walikuwa wamesimama na simu zao. Na yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Angehitaji kuona. Hivyo ndivyo alivyojiambia: nione kwanza.

"Kipimo cha tatu ni lini?"

"Jumamosi asubuhi. Wanapima watu kwa zamu, na zamu yangu inarudi siku ile."

"Nitakuja. Nitakuwa hapo mbele yako."

"Kuja. Watu waone na mimi niko na muntu."

Akanunua dawa, akarudi na gari la mkaa. Chupa aliiacha. Léontine alimaliza maziwa yale taratibu, na kila alipomeza alijua zaidi.

* * *

Ijumaa alishuka hadi Kitshanga, akalala kwa rafiki, na Jumamosi alfajiri akapanda pikipiki ya kwanza. Alifika Kirolirwe ukungu ukiwa bado umelala kwenye nyasi, ng'ombe wanaonekana migongo tu. Watu walikuwa wamepanga bidoni zao mbele ya mlango wa kituo. Ndani, moto wa kuni uliwaka chini ya sufuria kubwa la fromage, na karibu na moto, kwenye rafu, ndipo Albert alipokiweka kipimo, pamoja na vichupa vyake viwili vya kupimia.

"Ninaiweka hapa isishike unyevu," alisema kwa fahari alipomwona. "Kila asubuhi ninaijaribu. Saba, ine. Haijakosea hata siku moya."

Léontine alisimama kando akatazama.

Wa kwanza walikuwa watu wa karibu. Bidoni zao zilitoa mvuke zilipofunguliwa. Josiane, mke wa mwenyekiti wa kamati, nyumba yake iko nyuma ya kituo: sita nukta saba. Mwingine wa ng'ambo ya barabara: sita nukta saba. Kisha akaja Bisengimana, mwenye baiskeli, anayetoka mbali upande wa msitu. Albert akachovya.

"Sita virgule tatu. Papa, ni ya pili, unajua."

"Najua," Bisengimana alisema kwa uchungu. "Siku hizi ninaamuka saa tisa nije nikatukanwe."

"Maziwa ya mbali ina mambo yake," Josiane alisema, si kwa mtu fulani. "Muntu anapumuzika njiani, ananywa, anaongeza maji ya mufereji."

"Wewe mufereji unaujulia wapi, Mama, na unatoka ku kitanda hadi hapa na kandambili?" Bisengimana aliuliza.

Watu wakacheka. Léontine alinyoosha mkono akagusa bidoni la Bisengimana. Lilikuwa baridi kama jiwe la mto. Aligusa la Josiane. Lilikuwa na joto la mwili. Akatazama kijiti cha kioo kinachotoka katika maziwa ya baridi, akatazama rafu karibu na moto, vichupa viwili vyenye joto vinavyosema saba na nne kila asubuhi, kwa uaminifu wote.

Shomoro alikuwa hadonoi chochote kinachoonekana kwa watu wa karibu. Alikuwa anadonoa kwa wale waliotembea.

"Mama Mukantabana," Albert aliita.

Alikuwa amefika bila Léontine kumwona. Alitua bidoni lake, akafungua jani la ndizi, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayesubiri komunyo. Léontine alisema, "Albert, ngoja kidogo," lakini kioo kilikuwa tayari ndani.

"Sita virgule tatu." Albert alivua kofia yake, na pengine kwa kweli alisikitika. "Mama, ni ya tatu. Tulikuambia Gaju iko mugonjwa, umutoe."

Mukantabana alisogea karibu akaitazama namba. Midomo yake ilisogea, akiisoma peke yake.

"Haya maziwa si ya Gaju," alisema.

"Ni ya nani?"

"Ya Bihogo. Bihogo peke yake. Gaju nilimuuzisha jana."

Moto ulipasua ukuni.

"Karatasi yenu ilisema nimutoe, nikamutoa. Ng'ombe asiyeleta maziwa hapa hana majani. Ningemuweka wapi, mu chumba changu? Muchinjaji wa Kitshanga alikuja na kamba yake." Aligeuka, akamwona Léontine, na uso wake ukamtafuta kama mtu anayetafuta mlango gizani. "Lakini haya ni ya Bihogo. Basi si Gaju. Léontine, basi si Gaju."

Léontine alichukua bidoni la Mukantabana kwa mikono miwili, akalitia katika beseni la maji ya moto yaliyowekwa kwa kuoshea vyombo. Albert alianza kusema kanuni. "Nyamaza," Léontine alimwambia, na akanyamaza. Alikoroga kwa mwiko safi mpaka bidoni likawa na joto la mkono. Akakichukua kijiti mwenyewe, akakisuuza, akachovya.

Sita nukta saba.

Akafanya vivyo hivyo kwa Bisengimana. Sita nukta saba. Kisha akachota kikombe katika bidoni la Josiane, akakisimamisha katika ndoo ya maji ya kijito nje ya mlango, wakangoja wote wamezunguka ndoo kama watu wa kisima. Akachovya. Sita nukta tatu.

"Maziwa yangu?" Josiane alipiga kelele. "Mimi ninakaa hapa!"

"Mufereji, Mama," alisema Bisengimana. Lakini hakuna aliyecheka.

"Ni mimi," Léontine alisema. "Maziwa ya wote iko muzuri. Kipande nilichoweka si chake. Kinakunywa umeme wa kioo, na kioo kikiwa baridi inaonekana. Ni maziwa iliyopoa njiani tu ndiyo inasomeka chachu."

"Uliandika inapima vizuri," Albert alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imeondoka.

"Niliandika."

Bisengimana alikuwa na namba ya mchinjaji. Walimpigia hapo hapo, simu ikiwa imewekwa wazi ili wote wasikie. Iliita mara nyingi. Mtu aliyejibu alikuwa na kelele za watu nyuma yake, na kisu kinanolewa.

"Yule wa asali? Leo ni soko, Papa. Tulianza saa kumi na moya. Kama munataka paja bado liko."

Bisengimana alizima simu bila kuaga.

Mukantabana alikuwa amekaa juu ya jiwe la mlangoni, jani la ndizi mkononi. Aliliviringisha, akalifungua, akaliviringisha tena. Alipozungumza hakuinua macho.

"Alhamisi, nilipokuletea maziwa yake. Ulijua?"

"Nilishuku, Mama."

"Ulishuku."

"Nilitaka kuona kwanza."

"Ungesema neno moya tu: Mama, ungoje." Alifikiri kidogo. "Mimi nilikuwa na siku nzima ya kungoja. Ijumaa yote."

Léontine alipiga magoti katika tope mbele yake. Mukantabana aliweka mkono juu ya kichwa chake, kama alivyofanya zamani asubuhi za kwenda shule. Mkono ulikaa pale kidogo, bila uzito, kisha ukaondoka. Akasimama, akamwachia Albert bidoni lililopimwa sita nukta saba, akaingia katika njia ya Burungu.

* * *

Jina lake halikufutwa. Hakuna aliyelitangaza hilo, na hakuna aliyeomba msamaha kwa kamati nzima. Waliacha tu kumkataa. Mpaka kipimo kitengenezwe, Albert aliagizwa apashe moto bidoni zote za mbali.

Jumanne iliyofuata Déo alipiga simu, amefurahi. Alikuwa amechimba mlima wake wa takataka, na katika kipimo kimoja cha udongo kilichokufa, alichokinunua zamani kwa mtu aliyetoka Walikale, alikuta LMC6041, mzima, miguu yote minane. Kilikuwa dukani kwake muda wote.

Léontine alimweka mdudu huyo kwa mikono iliyonawa mara mbili, kwa sababu hata jasho la kidole ni njia ya umeme. Akavitia vichupa katika maji ya mto, akakaa navyo saa nzima. Saba. Nne. Akavipasha moto. Saba. Nne. Kisha akaandika karatasi mpya, ndefu, na ndani yake aliandika tarehe: kuanzia siku hii hadi siku hii, namba zote za maziwa ya baridi zilikuwa za uongo, kwa kosa la fundi. Albert aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia katika mtoto wa meza. Ile ya kwanza, imetengenezwa, inapima vizuri, bado imebandikwa ukutani, kwa sababu ndiyo ambayo watu wa Goma waliiona.

Shomoro alimrudisha kwenye kopo. Hana kosa. Katika redio anafanya kazi nzuri sana.

Mwezi wa nane Mukantabana alipita Mweso. Alikuja na redio ndogo iliyokuwa ya Karangwa, isiyotoa sauti. Hakuwa na chupa. Walisalimiana vizuri. Aliulizwa habari za Bihogo, akasema anaendelea. Alizungumza na muuza sabuni juu ya mvua na bei ya viazi, na muuza sabuni alipobisha kwamba viazi vya Burungu haviwezi kuwa rahisi hivyo, Mukantabana alifungua mdomo, kiapo kikaja mpaka kwenye meno, Léontine aliona kikija. Kisha akasema tu, "Ni kweli," na muuza sabuni akaendelea kubisha.

Redio ilikuwa na waya mmoja uliokatika. Léontine aliulehemu. Sauti ikatoka, kwaya ya kanisa, safi.

"Imepona, Mama."

Mukantabana aliichukua, akaisikiliza karibu na sikio, akairudisha mezani kwa upole.

"Ijaribu tena jioni, kukipoa," alisema. "Nitangoja."

Ilikuwa saa saba mchana. Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, akangoja.